Kifua cha Pikapu

Fundi Grisi alilinyonya tangi, na tangi nalo likamnyonya.

Ndivyo ilivyoanza, na mtu akikuambia ilianza vinginevyo, muulize alikuwa wapi siku hiyo. Mimi nilikuwepo. Duka langu la kushona viti vya magari limepakana na gereji yake, kati yetu kuna ukuta wa mabati tu, akipiga chafya upande wake mimi huku naangusha uzi. Nilikuwa nimesimama mlangoni, mkasi mkononi, namtazama amepiga magoti ubavuni mwa pikapu kuukuu. Ncha moja ya mpira ameitumbukiza ndani ya tangi, nyingine ameibana kwa midomo. Mafundi wote hufanya hivyo wakitaka kutoa dizeli iliyolala. Unanyonya kidogo, ikikaribia ulimi unaiteremsha ncha kwenye ndoo, basi, inatiririka yenyewe. Fundi Grisi alikuwa akifanya hivyo tangu hajaota ndevu, na alijisifu kwamba kwa ladha tu anaweza kukuambia kama muuza mafuta ni mwizi.

Akavuta. Mashavu yakabonyea. Halafu yakazidi kubonyea, zaidi ya mashavu ya binadamu yanavyoweza, macho yakamtoka, mikono ikaanza kupiga hewani. Mpira ukanywea katikati ukawa bapa kama utepe. Kisha ukaachia kwa mlio kama busu, na fundi akaanguka kwa makalio.

"Limeninyonya," akasema.

"Nini?"

"Tangi. Limeninyonya mimi."

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. "Shemeji akisikia umepigwa busu na tangi, ndugu yangu, utalala hapa hapa gereji."

Naye akacheka, lakini kicheko kilimwishia katikati, kama gari lililokatikiwa na mafuta. Akakaa pale chini akijipapasa kifua. Ndoo ilikuwa kavu. Alipolishusha tangi akalifungua, lilikuwa kavu nalo, halina hata tone, wala halikunuka dizeli. Lilinuka ile dawa ya kuchua kifua wanayopakwa wazee usiku wa baridi.

Pikapu yenyewe ilikuwa ya marehemu baba wa Mwenye Bucha. Mzee yule nilimfahamu. Alikuwa mtu wa kifua, anakohoa kuanzia kona ya kwanza unamsikia mpaka ya mwisho, na hakushuka kwenye gari lile isipokuwa kulala. Alipofariki, gari likafungiwa bandani nyuma ya bucha, likakaa huko hadi kuku wakaanza kutagia kwenye boneti. Siku moja mwanawe akaja nalo gereji likiwa limevutwa kwa kamba. Mwenye Bucha ni mtu mnene, mwenye sauti ya kuita wateja hata akiwa msibani.

"Nataka sura ya babu, mbio za mjukuu," akasema. "Injini ya zamani ing'oe yote. Nitilie ya kisasa, yenye turbo, watu wasikie filimbi wapishe njia. Kitu kimoja tu usibadilishe. Tangi la mzee libaki."

"Tangi jipya ni nafuu kuliko kusafisha hili," Fundi Grisi akamwambia. "Ukilitazama ndani utalia."

"Libaki. Na ulisafishe wewe mwenyewe, sio mtu mwingine. Wewe una kifua cha kazi."

Nilidhani ni sifa. Fundi naye alidhani ni sifa, akatutazama wote kuona kama tumesikia.

Basi kazi ikaanza, na kazi ile, wacha niseme ukweli, sijaona ya kuifikia. Injini ya zamani ilitolewa kwa kreni ya mnyororo, chuma kizito kama dhambi, ikalazwa pembeni. Ile mpya ilikuwa nyepesi lakini ndefu, kwa hiyo fundi akakata vishikio vya zamani kwenye chesisi, akachomelea vipya, akaipima, akaikataa kazi yake mwenyewe, akavikata tena. Gia boksi ikagoma kuingia mpaka sakafu ya kibanda cha dereva ikapanuliwa. Propela, chuma kinachopeleka nguvu magurudumu ya nyuma, ikawa ndefu kupita kiasi, ikaenda kwa mchonga vyuma ikafupishwa. Nyaya za kompyuta ya injini zilimwagika pale mbele kama utumbo wa kuku, na fundi akazipanga moja moja huku akizitukana kwa majina. Turbo akaiweka ubavuni, ndogo, imejikunja kama konokono, mdomo wazi. Viti nilishona mimi. Ngozi nyekundu, mshono wa mara mbili. Hakuna mwingine mjini anayeweza mshono ule, na anayebisha alete wake tupime.

Muda wote huo fundi alikuwa akikohoa. Kikohozi kikavu, kifupi, viwili pamoja halafu kimoja kirefu. Kho-kho. Khooo.

"Nenda kapimwe," nilimwambia.

"Nimemeza kutu ya tangi, itatoka."

Siku ya kuwasha, gereji nzima ilijaa. Wanyoosha bodi waliacha nyundo zao, muuza vipuri akafunga duka. Fundi akaketi kwenye kiti changu chekundu, akawasha. Injini ikazunguka, ikazunguka, haikushika. Akajaribu tena. Haikushika. Kikohozi kikamjia akainamia usukani, kho-kho, khooo, na pale pale, chini ya boneti, injini ikajibu: kho-kho. Khooo. Ikashika.

Watu walipiga makofi. Walicheka, wakasema fundi amelizaa gari lake mwenyewe, hata kikohozi limerithi. Kisha turbo ikaanza kuimba, filimbi nyembamba inayopanda na kushuka, na mimi nikiri kwamba ilikuwa tamu. Fundi Grisi akashuka, akaenda mbele, akaziba mdomo wa turbo kwa kiganja, kidogo tu, kama mafundi wanavyofanya kupima mvuto. Akautoa mkono haraka.

"Imekuunguza?" nikamuuliza.

Alikuwa akikitazama kiganja. "Kuna mate," akasema kwa sauti ya chini.

Na ile harufu ikaja, kutoka kwenye ekzosi, dawa ya kuchua kifua, nzito mpaka macho yakawasha. Mwenye Bucha alikuwa ameingia kusikiliza. Mtu yule ambaye hajawahi kunyamaza alinusa, akavua kofia, akanyamaza. Hakutazama gari. Alimtazama fundi.

"Unajisikiaje?" akamuuliza.

Jamani. Nimekaa kwenye magereji umri wangu wote, na sijawahi kusikia mwenye gari anamuuliza fundi anajisikiaje.

Baada ya hapo mambo yakaenda mrama. Mwenye Bucha alipolichukua gari kulijaribu kwenye mlima wa kutokea mjini, fundi alikuwa amelala chini ya gari jingine, anafunga nati. Tulisikia filimbi ikipanda kule mbali, mwenye gari amekanyaga mafuta kwelikweli, na spana ikaanguka. Tukamvuta fundi kwa miguu. Midomo imekuwa ya kijivu, kifua kinapanda na kushuka kwa haraka kama cha njiwa aliyeshikwa, na kutoka ndani ya kifua hicho, ukiinama, ulisikia filimbi. Filimbi ile ile. Ilipanda ile ya mlimani ilipopanda, ikashuka ilipoteremka.

Mwenye Bucha alirudisha gari, akadai nyaya zina hitilafu, akaliacha gereji. Kila asubuhi tuliliwasha kulirekebisha, kila jioni tulilizima. Na nyumbani kwa fundi, mkewe akaanza kuona kitu.

Mkewe ni mpishi wa shule, mwanamke wa maneno machache na mikono mikubwa. Hakuja kwangu kulia. Alikuja kuniuliza swali.

"Shemeji, jioni mnazima lile gari saa ngapi?"

"Tukifunga kazi. Kwa nini?"

"Huwa amekwisha kuja nyumbani?"

"Siku hizi humruhusu atangulie, amechoka."

"Kila jioni kuna dakika pumzi yake inakatika, kisha inarudi kwa shida," akasema, akaondoka. Sikumwelewa. Siku iliyofuata fundi hakuamka, akabaki kitandani, na gari lilikuwa limewashwa linanguruma polepole hapa gereji, betri ijae. Simu yangu ikalia. Mkewe.

"Shemeji, uko karibu nalo?"

"Niko ndani yake, nakaza mshono wa kiti."

"Kanyaga mafuta. Kidogo."

Nikakanyaga. Filimbi ikapanda. Kwenye simu nikamsikia fundi akihema, kwa nguvu, kama anayekimbizwa.

"Achia."

Nikaachia. Kuhema kukapungua.

"Shemeji," nikasema, "mbona mnanitania mchana kweupe?"

"Sasa zima."

Nikazima. Gereji ikawa kimya, turbo ikamalizia kuzunguka, wiii, ikafa, na kwenye simu nikasikia ukimya mwingine, nikasubiri niambiwe kitu, nikasikia kitanda kikigonga ukuta, nikasikia mikono mikubwa ya yule mwanamke ikipiga kifua cha mtu, nikasikia jina la mumewe likiitwa mara moja, mara nyingine, kisha sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake ikanipasua sikio: "Washa! Shemeji, washa! Hapumui, washa!", na mkono wangu, mkono huu unaopitisha uzi kwenye tundu la sindano bila miwani, ukashindwa kuuona ufunguo uliokuwa mbele yangu, ukapapasa, ukaupata, ukazungusha, na gari likakohoa, kho-kho, khooo, na upande wa pili wa simu mtu akavuta hewa kama aliyetolewa mtoni.

Hatukulizima tena.

Mkewe alimleta fundi kwenye toroli ya shule, ile ya kubebea magunia, amemfunika shuka. Nyuma yake alikuja Mama Mkunga, bibi aliyezalisha nusu ya mji huu, na ambaye watu humwita kimyakimya pale ambapo hospitali imesema haioni kitu. Huja na mfuko wake ule ule wa kuzalishia.

"Kazi yangu ni pumzi," husema. "Mtu awe anaingia duniani au anazuiliwa kutoka, mimi kwangu ni mamoja."

Fundi tulimlaza kwenye kiti changu kirefu, kando ya gari. Alikuwa akipumua kwa mwendo wa injini. Mshale wa mafuta ulikuwa umekaribia chini. Nikaleta dumu la dizeli, nikamimina, tangi likanguruma na kuitema yote, ikanilowesha kuanzia kidevu hadi kiuno. Nikamimina tena, likatema tena. Lilikuwa halitaki dizeli. Na mshale ukazidi kushuka.

Mama Mkunga aliweka sikio kwenye kifua cha fundi. Akaenda akaweka sikio kwenye boneti. Akarudi.

"Vifua viwili sivioni hapa," akasema. "Ni kimoja." Kisha akainama karibu na mdomo wa mgonjwa, akauliza kwa upole, kama anayemuuliza mtoto wa jirani, "Wewe uliyemo, nani kakuita?"

Mdomo wa fundi ukafunguka. Midomo haikusogea. Maneno yalikuja filimbi ya turbo ilipopanda, na yalikatika iliposhuka, na sauti ilikuwa ya mzee, yenye makohozi.

"Sina... kifua changu. Naazima."

Nikajikuta nimerudi nyuma hadi kwenye mabati. Sioni aibu kusema. Wanyoosha bodi, wanaume wa mikono kama magogo, walikuwa nyuma yangu.

Ni hapo Mwenye Bucha alipoingia. Sijui nani alimwita. Alisimama langoni, na fundi, macho yakiwa yamefumba, akageuza shingo kumwelekea.

"Mwanangu," ile sauti ikasema. "Umefanya vizuri. Nilikuambia... usininyonye wewe. Tafuta kifua... cha mtu mwingine. Hiki kikubwa. Kitakaa... miaka."

Injini ilinguruma. Mwenye Bucha alishika nguzo ya lango, na kutoka kwenye mwili ule mkubwa ikatoka sauti ya mtoto.

"Si baba yangu huyo. Limechukua sauti yake tu. Lilimmaliza yeye kwanza. Alilinyonya tangi kama mnavyofanya ninyi, na hakuwa na kifua tena mpaka kaburini. Alipokufa, likaanza kukohoa kule bandani. Kila asubuhi nilikuta ule mpira umetoka wenyewe kwenye tangi, ncha yake imeelekea dirisha la chumba changu. Kila asubuhi uko karibu zaidi. Ningefanyaje? Nina watoto."

"Na mimi nina nani?" mke wa fundi akauliza.

Hakupandisha sauti. Ingekuwa afadhali angepandisha.

"Litatoka njia liliyoingilia," Mama Mkunga akasema. "Mpira na mdomo. Atakayelinyonya ndiye atakayelichukua."

Wanyoosha bodi waliacha kuogopa ghafla. Walimshika Mwenye Bucha, huyu mkono huu, huyu mkono ule, wakamkokota mpaka kwenye tangi, wakampigisha magoti, mmoja akaokota mpira. "Nyonya cha baba yako!" akamwambia. Mwenye Bucha alibana meno, akalia kwa pua, kichwa akikitikisa huku na huku. Na injini ikakwama kidogo, ikadunda, ikaendelea. Mafuta yalikuwa yanaisha. Fundi alikwama nayo, akadunda nayo, akaendelea.

Kisha mke wa fundi akauchukua mpira. Hakusukuma mtu. Aliutoa tu mkononi mwa yule mnyoosha bodi, akafuta ncha kwa aproni yake ya jikoni, akapiga magoti mahali pale pale mumewe alipopiga.

"Mama, umesikia nilichosema?" Mama Mkunga akamuuliza.

"Nimesikia."

"Kifua chako kitakuwa chake."

"Ni chake tangu zamani."

Alimwongelea mumewe, bila shaka. Akauingiza mpira kwenye tangi. Kwenye kiti, fundi alinyoosha mkono, sijui nguvu aliipata wapi, akashika kisigino cha mkewe, akakibana, akikataa kwa kichwa, machozi yakimwingia masikioni, na yule mwanamke hakugeuka.

Sasa hapa ndipo nilipowaokoa wote. Wapo wanaosema ni Mama Mkunga, lakini yeye alisema maneno tu, mimi ndiye niliyeyaelewa. Alikuwa akinung'unika peke yake: "Zamani mtoto akizaliwa ameziba pua tulimnyonya kwa mdomo, tukaugua magonjwa yao. Siku hizi nina kampira, nakaminya kananyonya kenyewe, mdomo wangu hauhusiki..."

"Kompresa!" nikapiga kelele.

Wote wakanitazama.

"Mashine ya upepo! Inanyonya hewa upande mmoja inaishindilia kwenye mtungi! Ina kifua kuliko sisi wote, na haina mtu ndani!"

Mke wa fundi aliutoa mpira mdomoni. Ndiyo, ulikuwa tayari mdomoni. Mwingine angeniuliza maswali. Yeye aliinuka na kuivuta mashine ile peke yake, magurudumu yakilia kwenye saruji, mtungi mwekundu mnene kama mama mjamzito. Nikang'oa kichujio chake cha hewa, nikapachika ncha ya mpira pale inapovutia, nikaufunga kwa uzi wa kushonea viti, mizunguko isiyohesabika, na ile ncha nyingine tukaizamisha ndani ya tangi tukaziba mdomo wa tangi kwa matambara. Mama Mkunga akasema neno alilosema. Nikapiga swichi.

Mota ikaanza, mkanda ukazunguka, mpira ukanywea ukawa bapa kama siku ile, ukatulia hivyo, tangi likivuta huku na mashine ikivuta kule, na taa za gereji zikafifia, na mkanda ukaanza kunuka kuungua, na injini ya pikapu ikapanda yenyewe bila mtu kukanyaga, filimbi ikapanda mpaka ikapita pale masikio yanaposikia, mabati yote ya paa yakatetemeka, fundi akajikunja kwenye kiti kama upinde kichwa na visigino tu vimegusa, mkewe akimlalia juu kwa mikono yake yote miwili, na ile sauti ya mzee ikaomba, jamani iliomba, kwa jina la kila mmoja wetu iliomba, hata jina langu la utotoni ambalo mama yangu tu alilijua, na kisha mpira ukatuna ghafla, kitu kinene kikapita ndani yake polepole kama panya ndani ya tumbo la nyoka, kikafika kwenye mashine, na mshale wa kipimo cha mtungi ukaruka hadi mwisho ukagonga na kubaki pale.

Injini ikazimika. Fundi naye akazimika.

Mama Mkunga alimgeuza kifudifudi akampiga mgongoni kofi moja la kikunga. Hakuna. Akampiga la pili. Fundi akavuta hewa, peke yake, bila filimbi, akalia kwa sauti kubwa.

"Amelia," Mama Mkunga akatangaza kwa mazoea, akifuta mikono. "Mtoto wa kiume."

Tulicheka mpaka tukakaa chini. Hata mke wa fundi alicheka. Mwenye Bucha alikuwa ameshatoroka, kofia yake imebaki.

Mashine haikutakiwa kufunguliwa kamwe. Mama Mkunga alilisema hilo kila mtu akasikia. Tukaifunga valvu kwa waya, tukachimba shimo karibu na lango, refu kuliko mtu, tukaiteremsha kwa mnyororo, tukafukia. Tukashindilia kwa miguu, tukicheza na kuimba, na fundi amekaa pembeni akinywa chai, rangi imemrudi. Alijishika kifua kidogo wakati tunashindilia. Sikulijali hilo. Halafu mmoja wetu akasema tuongeze uzito, tukaifunga ile injini ya zamani kwenye kreni, tukaileta tukaishusha juu ya kaburi la mashine.

Kikombe cha chai kilivunjika.

Fundi alikuwa amepiga magoti, mdomo wazi, hakuna kinachoingia. Alielekeza kidole kifuani, kisha akakielekeza kwenye injini. Mkewe alielewa kabla yetu. "Iinueni!" Tukavuta mnyororo, chuma kikainuka, na fundi akapumua.

Yule mwanamke alikuja akapiga magoti kwenye udongo mpya. Kiganja kimoja akakilaza chini. Kingine akakilaza kwenye kifua cha mumewe. Alikaa hivyo kwa muda, macho amefumba, na sisi tukawa tunautazama mkono wake wa chini. Ulikuwa unapanda. Ukashuka. Ukapanda.

"Nilikuambia ni kifua kimoja," Mama Mkunga akasema, na kwa mara ya kwanza nilimwona amezeeka. "Nilifikiri nimetoa jini tu. Walikuwa wamekwisha kuchanganyika. Wameingia wote."

"Basi mfungue umtoe wangu."

"Nikifungua watatoka wote, mwanangu. Na sijui ni yupi atakayerudi kwake."

Lango la gereji likahamishwa upande wa pili. Magari sasa huzunguka nyuma, wateja wakilalamika nawaambia mimi ndiye niliyeshauri. Mke wa fundi aliacha kazi ya shule. Alipanga mawe kuzunguka kile kipande cha ardhi, akaweka kibanda kando yake, hapo anapikia mafundi chakula cha mchana. Kuku akivuka mawe humfukuza, taratibu, asirukeruke. Mvua ikinyesha sana anatandaza turubai, maana udongo ukilowa unakuwa mzito. Fundi anafanya kazi kama zamani. Ni kwamba hawezi kusafiri. Akifika mwisho wa barabara yetu anaanza kuhema.

Mwenye Bucha alikaa muda mrefu bila kuonekana. Juzi alikuja, kwa miguu, amekonda, amebeba furushi la nyama mikononi kama mtu anayeleta posa. Tulikuwa tunakula. Alisimama mbele ya kibanda akaanza kusema, akaacha, akaanza upya, kwamba halali, kwamba anaomba, kwamba yeye naye ni mzazi. Alikuwa analia kweli. Na katika kulia huko akasogea, anyooshe mikono, ashike ile mikono mikubwa, hakuyaona mawe.

Nyuma yetu, chini ya lori, nyundo ya Fundi Grisi ikanyamaza.

Mke wa fundi hakuinuka. Aliendelea kushika mwiko, akimtazama Mwenye Bucha miguuni, na Mwenye Bucha naye akatazama chini, kwa sababu alikuwa ameanza kuhisi, chini ya soli za viatu vyake, ardhi ikijaribu kuinuka.

"Toa mguu," akamwambia kwa upole. "Mume wangu anavuta pumzi."